Sponji au sampu? Soma hili kabla hujanunua filta ya tangi kubwa la samaki

Somo la leo ni la wale wanaouza samaki wa mapambo na matangi ya vioo mtandaoni, pamoja na wale wanaofikiria kuingia kwenye biashara hiyo. Kama unauza vitu vingine, usipite haraka. Humu ndani kuna hesabu zitakazokufaa popote unaponunua kifaa cha biashara kinachokula umeme saa 24.

Swali linalokuja sana kwenye simu yangu ni hili: "Nimepata tangi kubwa, lita 300 na kuendelea. Niweke filta za sponji au nijenge sampu?" Wengi wanataka jibu la neno moja, waende dukani wanunue.

Nianze na jibu, halafu nieleze sababu. Kwa matangi ya kutunzia mzigo wa kuuza, weka sponji. Kwa tangi moja kubwa la kudumu, lenye samaki wakubwa wasiohamahama, sampu inalipa. Na hata ukiwa na sampu, weka sponji moja ya akiba kwenye tangi. Kwa nini? Kwa sababu filta usiichague kwa kuuliza ipi inasafisha zaidi. Uliza ikizima, au samaki wakiugua, utapoteza kiasi gani.

Mimi nauzia samaki Dar es Salaam, oda napokea WhatsApp na Instagram. Nina matangi sita ya mzigo, kila moja lita 300, yote yanakwenda kwa sponji. Nina na tangi moja la lita 540 la maonyesho, ndilo napigia video, hilo lina sampu. Natumia vyote viwili kila siku, kwa hiyo sina upande. Twende kazi.

1. FILTA INAFANYA NINI HASA

Wengi wanadhani kazi ya filta ni kufanya maji yawe meupe. Hiyo ni kazi ya pili. Kazi ya kwanza huioni kwa macho.

Samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki nacho kikioza kinatoa amonia. Amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wengine wanaigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo ina madhara madogo na unaitoa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei elei tu kwenye maji. Wanakaa juu ya vitu: kokoto, kioo, na zaidi ya yote kwenye matundu ya filta. Wanahitaji oksijeni, kama samaki wenyewe.

Kwa hiyo filta ni nyumba ya bakteria. Tangi jipya linachukua wiki 4 hadi 6 hivi mpaka bakteria wakae sawasawa. Maji yanaweza kuonekana safi kama ya chupa na samaki bado wakafa kwa amonia. Na maji ya Dar yana joto, tangi likikaa bila kuguswa unakuta nyuzi 28 mpaka 30. Joto na pH ya juu vyote vinaongeza ukali wa amonia. Ukiuza samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH kati ya 8.5 na 9 hivi, hapo hakuna mchezo kabisa.

Kumbuka pia: hakuna filta kati ya hizi mbili inayokuondolea kazi ya kubadilisha maji. Kila wiki robo ya maji itoke, maji mapya yaingie. Maji ya bomba yana klorini, yatibu kwanza kwa dawa ya kuondoa klorini.

2. SPONJI INAVYOFANYA KAZI

Pampu ya hewa inakaa nje ya tangi. Inasukuma hewa kupitia mpira mwembamba mpaka ndani ya sponji. Mapovu yanapanda juu kwenye bomba la katikati, na yakipanda yanavuta maji yapite kwenye sponji. Uchafu unakwama, bakteria wanakaa kwenye matundu, maji yanapata hewa. Basi. Ndani ya maji hakuna moto wa umeme wala kitu kinachozunguka.

Kwa tangi la lita 300, weka sponji mbili kubwa, moja kila upande. Zisiwe moja. Sababu ni ya kibiashara: wiki hii unaosha ya kulia, wiki ijayo ya kushoto, hivyo nusu ya bakteria wako hawaguswi. Na moja ikiziba, nyingine bado inapumua.

Namna ya kuosha: chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, kamua sponji humo mara kadhaa, rudisha. Usioshe kwa maji ya bomba, maana klorini imewekwa ili iue vijidudu, na itaua hata hao unaowategemea. Sabuni usiikaribishe kabisa.

Jambo la usalama ambalo watu wanaliruka: pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, au weka valvu ndogo ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika, maji yanaweza kurudi kwa ule mpira mpaka ndani ya pampu na kumwagika chini. Na waya wa umeme uache ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likitembea kwenye waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi.

3. SAMPU INAVYOFANYA KAZI

Sampu ni tangi la pili, linakaa chini ya tangi kubwa, ndani ya stendi. Maji ya tangi la juu yanafurika kwa bomba, yanashuka kwenye sampu, yanapita vyumba vilivyogawanywa kwa kuta za kioo: chumba cha kukamata uchafu, chumba cha nyumba za bakteria, halafu chumba cha mwisho chenye pampu inayorudisha maji juu.

Uzuri wake ni mkubwa, tusiudharau. Unapata nafasi ya kuweka nyumba nyingi za bakteria kuliko sponji yoyote. Huhitaji hata vitu vya bei: visugulio vya plastiki vya kuoshea vyombo, vipya, visivyo na sabuni wala chuma ndani yake, vinafanya kazi hiyo vizuri. Jumla ya maji inaongezeka, na maji mengi hayabadiliki haraka. Vifaa vyote vinajificha chini, kwa hiyo tangi la juu linabaki safi kwa video. Na maji yanayoshuka yanachanganyika na hewa njiani.

Sasa shida zake. Kwanza, kioo lazima kitobolewe au uweke kisanduku cha kufurikia kinachoning'inia. Kabla ya kutoboa, uliza fundi aliyetengeneza ni kioo gani. Kioo cha usalama, kile ambacho kikivunjika kinakuwa punje punje, hakitoboleki. Kitapasuka chote.

Pili, pampu. Kwa tangi la lita 540 unataka maji yazunguke mara 4 mpaka 6 kwa saa, tuseme lita 2,700 kwa saa. Usinunue pampu kwa kusoma namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo namba ni pampu ikiwa haipandishi maji popote. Tafuta neno "H.max". Kama limeandikwa mita 2, maana yake maji yakipanda mita 2 hayatoki hata tone. Wewe ukipandisha mita 1.4 kutoka sampu mpaka juu ya tangi, unapata sehemu ndogo tu ya ile namba uliyoilipia. Hapo ndipo hela za watu wengi zinapotea.

Tatu, mafuriko. Hili nalifungulia kipande chake.

4. HESABU YA MAFURIKO

Chukua tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Zidisha zote, gawanya kwa 1,000, unapata lita 540. Chini yake kuna sampu ya sentimita 90 kwa 40 kwa 40, yaani lita 144. Umeijaza maji mpaka sentimita 25, kwa hiyo juu zimebaki sentimita 15 tupu. Nafasi hiyo ni 90 kwa 40 kwa 15, lita 54.

Umeme umekatika. Pampu imesimama. Maji ya juu yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa tundu la kufurikia. Yakishuka sentimita 3, ni 150 kwa 60 kwa 3, lita 27. Sampu inazipokea, hakuna tatizo.

Lakini bomba la kurudisha maji nalo lina tabia yake. Kama mdomo wake umezama sentimita 10 ndani ya tangi, pampu ikisimama bomba hilo linaanza kunyonya maji kurudi chini, mpaka mdomo ubaki nje. Sentimita 10 ni lita 90. Nafasi uliyonayo ni lita 54. Lita 36 ziko sakafuni kwa mteja, kwenye zulia lake, na simu inayolia ni yako. Maji yakimwagika hayazoleki.

Dawa ni rahisi: mdomo wa bomba uwe karibu kabisa na uso wa maji, na utoboe katundu kadogo kwenye bomba chini kidogo tu ya uso wa maji, ili maji yakishuka hewa iingie, mnyonyo ukatike. Halafu fanya jaribio. Zima swichi kwa makusudi, kaa hapo uangalie mpaka maji yatulie. Ukishamfungia mteja sampu, zima mbele yake mara mbili. Usiondoke kabla ya jaribio hilo.

5. HESABU YA LUKU

Angalia wati kwenye kila kifaa. Zidisha kwa 24, gawanya kwa 1,000, unapata uniti za siku. Zidisha kwa 30, ni uniti za mwezi.

Matangi yangu sita ya mzigo, jumla lita 1,800, yanaendeshwa na pampu moja kubwa ya hewa ya wati 35. Ni uniti 0.84 kwa siku, uniti 25.2 kwa mwezi.

Tangi la maonyesho la lita 540, sampu yake ina pampu ya wati 50. Ni uniti 1.2 kwa siku, uniti 36 kwa mwezi.

Umeona? Tangi moja la sampu linakula kuliko matangi sita ya sponji. Lile lile la lita 540 ungeliweka sponji kadhaa na pampu ya hewa ya wati 10, lingekula uniti 7.2 kwa mwezi. Tofauti ni uniti 28.8. Chukua risiti yako ya mwisho ya umeme, gawanya pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata, ujue uniti moja kwako inasimama kiasi gani. Tuseme ni shilingi 350. Tofauti hiyo ni shilingi 10,080 kila mwezi, shilingi 120,960 kwa mwaka. Tangi moja tu hilo.

Na kama unafanyia biashara nyumbani, na mita yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, angalia vizuri. Uniti 36 ni karibu nusu ya kikomo chote. Friji, taa, pasi na feni vinagombania zilizobaki. Ukivuka, umeme wa nyumba nzima unaweza kukugharimu zaidi, siyo wa samaki peke yake.

6. UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo mzigo unapofia, kwa hiyo soma taratibu.

Maji ya baridi yanashika oksijeni nyingi, ya moto yanashika kidogo. Kwenye nyuzi 20 lita moja ya maji inaweza kushika miligramu 9 hivi za oksijeni. Kwenye nyuzi 30 inashika miligramu 7.5 hivi. Na samaki kwenye joto anapumua haraka zaidi. Tangi la mzigo huwa limejaa samaki kuliko tangi la mteja, maana unatunza kwa siku chache ili uuze. Kwa hiyo umeme ukikatika saa 3 usiku, samaki wako hawana muda mrefu. Utawaona wamepanda juu wanafungua midomo kwenye uso wa maji.

Sasa linganisha. Betri ndogo ya volti 12, ampea-saa 7, ile ya kawaida ya kengele za usalama na inveta ndogo, ina wati-saa 84. Usiimalize yote, itakufa mapema. Tumia nusu, wati-saa 42. Pampu ya hewa ya volti 12 inayokula wati 5 itaendesha sponji kwa saa 8 hivi. Unalala, unaamka, samaki wako hai. Betri hiyo hiyo ukiifungia pampu ya sampu ya wati 50, haimalizi hata saa moja, tena hapo sijatoa kinachopotea kwenye inveta.

Ndiyo maana nilisema hata mwenye sampu aweke sponji moja kwenye tangi. Siku za kawaida inafanya kazi pamoja na sampu, inakaa na bakteria wake. Umeme ukikatika inahamia kwenye betri, samaki wanapumua. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na samaki mmoja mkubwa.

Umeme ukikata muda mrefu, acha kulisha. Chakula ni amonia ya kesho.

7. UGONJWA

Kwa muuzaji, sababu hii peke yake inatosha kuamua.

Wewe si mfugaji wa samaki kumi wale wale miaka mitano. Kila wiki au kila mwezi unapokea samaki wapya, kutoka kwa watu tofauti, na hujui wamepita wapi. Ugonjwa unaotusumbua sana ni wa madoa meupe, samaki anaonekana kama amenyunyiziwa chumvi. Kijidudu chake kikishakomaa kinaachia mwili wa samaki, kinashuka chini, kinagawanyika, na vitoto vyake vinaogelea kwenye maji kutafuta samaki mwingine. Vinaogelea kwenye maji. Shika neno hilo.

Ukiunganisha matangi manane kwenye sampu moja, una matangi manane kwa macho, lakini kwa kijidudu ni tangi moja. Maji ya tangi la kwanza yanashuka kwenye sampu, yanapanda kwenye la nane.

Jamaa mmoja ninayemfahamu, muuzaji mwenzetu, alijenga hivyo. Ilipendeza kwa kweli. Alipokea samaki wa dhahabu wapya, akawaweka moja kwa moja kwenye mstari. Siku chache baadaye madoa yalikuwa kwenye tangi la wageni, halafu la jirani, halafu kote. Dawa ikabidi iwekwe kwenye mfumo mzima, kwa kipimo cha maji yote, na biashara ikasimama mpaka alipomaliza tiba. Hawezi kumuuzia mtu samaki akijua ni wagonjwa.

Piga hesabu kwa mfano. Kila tangi lina samaki 40, kila mmoja unauza shilingi 10,000. Tangi moja ni shilingi 400,000. Kwa sponji, ugonjwa ukiingia, unachoweka hatarini ni shilingi 400,000. Kwa sampu ya pamoja, ni shilingi 3,200,000. Vyumba ni vilevile na samaki ni walewale.

Halafu kuna suala la dawa. Baadhi ya dawa za kuua bakteria zinaua na wale wa filta. Kwenye tangi la sponji unatoa sponji moja mapema, unaitunza kwingine, unatibu. Kwenye sampu ya pamoja, nyumba yote ya bakteria iko kwenye hatari.

Wanaofuga kwa wingi wanaunganisha matangi kwa sampu na wanafanikiwa, lakini wanafunga taa ya mionzi ya kuua vijidudu kwenye njia ya maji, na wageni wanakaa chumba tofauti kabisa wiki kadhaa kwanza. Ukiwa na mtaji wa hayo yote, sawa. Kama huna, tenganisha.

Angalizo: sponji haikulindi kama una wavu mmoja. Wavu uliolowa ukitoka tangi hili kwenda lile unabeba ugonjwa pia. Kila tangi na wavu wake, na mikono ioshwe.

8. WAPI SPONJI INASHINDWA

Nisiipambe sponji kupita kiasi. Ina mipaka.

Samaki wakubwa kama oska na koi wanakula sana na wanachafua sana. Sponji inakamata uchafu mwembamba, lakini vipande vikubwa vinabaki chini na unavinyonya mwenyewe kwa mpira. Sponji pia inaonekana. Kwenye video ya kumuuzia mteja tangi la sebuleni, donge jeusi lenye mapovu kwenye kona halivutii. Na pampu kubwa ya hewa inanguruma, mteja wa chumbani atalalamika.

Kwenye tangi refu sana kwenda chini, pampu dhaifu ya hewa inashindwa kusukuma. Kina cha maji kikizidi sentimita 50, nunua pampu yenye nguvu inayostahili, na ijaribu dukani kwenye ndoo ndefu ya maji kabla ya kulipa.

Kwa hiyo tangi la lita 540 la hotelini au ofisini, lenye oska wanne waliokomaa, wasiohamishwa, sampu ndiyo mahali pake. Hapo sponji peke yake utaiosha mpaka uichukie.

9. MUDA WAKO NAO NI PESA

Kwangu sponji ziko 12. Nakamua 6 kila wiki, dakika 5 kila moja, nusu saa imeisha. Pampu ya hewa nabadilisha mpira wa ndani inapoanza kudhoofika.

Sampu inataka jicho la mara kwa mara kuliko mikono. Kitambaa cha kukamata uchafu kinaoshwa kila siku 3 au 4. Maji yanayokauka yanapungua kwenye chumba cha pampu kwanza, kwa hiyo usipoongeza, pampu inavuta hewa na kuungua. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, maji yasishuke chini ya hapo. Kama unasafiri kupeleka mzigo mikoani na nyumbani anabaki mdogo wako, mfundishe alama hiyo kabla hujapanda basi.

10. UNAPOMUUZIA MTEJA

Mteja akiandika, "Kaka naomba tangi kubwa la sebuleni, la kisasa, lenye sampu," usikimbilie kutaja bei. Muulize mambo manne:

– Utaweka samaki gani, na wangapi?
– Umeme kwenu unakatika mara ngapi, na una betri au jenereta?
– Nani atakuwa analiangalia kila siku?
– Litakaa wapi? Chini au ghorofani?

La mwisho lina sababu. Lita 540 ni kilo 540 za maji, bado kioo, mawe, na sampu yenyewe. Stendi ya sampu iko wazi katikati, kwa hiyo inahitaji fremu ya chuma au mbao nzito iliyonyooka. Tangi la sponji unaweza kulikalisha hata juu ya tofali zilizojengwa vizuri.

Majibu yakionyesha samaki wadogo, gapi na samaki malaika, umeme wa kusuasua na hakuna wa kuangalia, muuzie sponji na pampu ya betri, hata kama faida yako kwenye sampu ingekuwa kubwa. Mteja ambaye samaki wake wamekufa wiki ya tatu harudi, na anaandika kwa kila mtu. Mteja ambaye samaki wake wako hai mwezi wa sita ananunua chakula kwako, dawa kwako, na tangi la pili kwako.

Na hapa kuna bidhaa ambayo wauzaji wengi wanaiacha: sponji iliyokomaa. Weka sponji za ziada kwenye tangi lako lenye afya, ziache wiki 6. Mteja anayenunua tangi jipya muuzie na sponji hiyo. Anaanza na bakteria tayari, na vifo vya wiki za mwanzo vinapungua sana. Masharti ni mawili. Itoke kwenye tangi ambalo halijapata ugonjwa wiki nyingi. Na isafiri ikiwa imelowa maji ya tangi, kwenye chombo chenye hewa, siyo kufungwa kwenye mfuko juani juu ya bodaboda, na ifike siku hiyo hiyo. Hata hivyo mwambie aanze na samaki wachache.

KWA KIFUPI

Chagua sponji kama: unatunza mzigo wa kuuza, unapokea samaki wapya mara kwa mara, umeme wako haueleweki, mtaji ni mdogo, au una matangi mengi.

Chagua sampu kama: ni tangi moja kubwa la kudumu, samaki ni wakubwa, kuna mtu wa kuliangalia kila siku, LUKU unaimudu, na jaribio la kuzima swichi limepita.

Tangi la wageni liwe na sponji daima, na lisiunganishwe na kitu chochote.

Ukiwa unaanza leo na pesa ya kitu kimoja tu, nunua pampu nzuri ya hewa, sponji mbili kwa kila tangi, na ile pampu ndogo ya betri. Sampu itakuja siku tangi la maonyesho litakapojilipa lenyewe.

Una tangi la vipimo gani na samaki gani? Niandikie hapo chini urefu, upana na kimo kwa sentimita, nitakupigia hesabu ya lita, uniti na nafasi ya sampu. Na kama kuna mwenzako anakaribia kutoboa kioo wikiendi hii, mtumie hili asome kwanza.